Mkusanyiko wa Jide na deni la Mara

MUSOMA. Robo karne imetimia tangu Judith Wambura, maarufu kwa jina la Lady Jaydee au Jide, aingie kwenye muziki. Mwenyewe huanza kuhesabu mwaka 2000. Ndiyo maana mwaka 2013 alisherehekea miaka 13 ya kazi, na albamu yake ya kutimiza miongo miwili akaipa jina la tarakimu tu: 20. Walioanza naye wakati Bongo Fleva ikiitwa muziki wa kihuni wengi wamekwishaacha. Yeye bado anapanda jukwaani.

Kati ya kazi zake zote, ipo moja isiyozungumzwa sana. Mwaka 2012 alitoa The Best of Lady Jaydee, mkusanyiko wa nyimbo zilizompa jina. Ni rahisi kuiona kama albamu ya kuziba pengo, kwani ilikuwa imepita miaka 5 tangu atoe Shukrani. Lakini ukiitazama leo, ndiyo iliyobeba kumbukumbu za kizazi kizima kilichokuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na ukiitafuta Musoma, Bunda au Butiama, huipati dukani. Maduka yenyewe ya muziki yamekufa.

Mkoa wa Mara una sababu ya kuumia zaidi. Jide alizaliwa Shinyanga mwaka 1979, lakini Wambura ni jina la huku. Pitia majina ya wanafunzi katika shule za kati ya Bunda na Tarime, utawakuta akina Wambura kila kona, wa kiume kwa wa kike. Kwa mashabiki wengi wa mkoa huu, jina hilo pekee lilitosha kumfanya dada yao tangu alipoanza kusikika redioni.

Kanda za mchanganyiko

Anayeijua habari hii kwa undani ni muuza kanda wa zamani wa Mtaa wa Mukendo mjini Musoma, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe kwa sababu, anavyokiri, sehemu kubwa ya biashara yake haikuwa halali. Kwa maelezo yake, mkusanyiko wa kwanza wa Jide haukutoka mwaka 2012. Ulitengenezwa vibandani, miaka mingi kabla mwimbaji mwenyewe hajafikiria kuutoa.

Mteja alikuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ameandika nyimbo anazozitaka. Muuzaji aliweka kanda halisi upande mmoja wa deki ya mikanda miwili na kanda tupu ya dakika 60 upande wa pili. Kazi ilikuwa kupanga nyimbo ili dakika 30 za kila upande zijae bila wimbo kukatika katikati, maana mteja akikuta wimbo umekatwa kiitikio, anarudi kudai fedha yake. Baada ya hapo walivunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo juu ya kanda ili mtoto wa nyumbani asije akarekodi kitu kingine juu yake. Lebo iliandikwa kwa kalamu ya wino: jina la mwimbaji, na chini yake neno mchanganyiko.

Nyimbo zilizoombwa mara nyingi ndizo zilizopanda kwenye kila kanda. Kwa njia hiyo, wasikilizaji wa Nyasho, Bweri na Mwigobero walikuwa wakipiga kura bila kujua. Mzee huyo anasema Machozi haikukosekana, na baadaye Siku Hazigandi ikawa hivyo hivyo.

Mwimbaji hakupata hata senti moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ilikuwa imepitishwa mwaka 1999 na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kikaundwa, lakini vibanda vya mikoani havikuwahi kuhisi uzito wake. Hata mauzo halali yalikuwa na kilio. Msanii alipeleka kazi kwa wasambazaji wa Kariakoo, ambao wasanii waliwaita wadosi, akapewa kiasi fulani cha fedha, na tangu hapo hakuwa na namna ya kujua zimeuzwa kanda ngapi. Stempu za TRA kwenye kazi za muziki na filamu zilianza mwaka 2013, wakati kanda zimekwishaondoka na CD nazo ziko njiani kuondoka.

Mwimbaji wa kila mahadhi

Hatua za kazi yake zinajulikana na hazihitaji maneno mengi. Alianza kama mtangazaji wa redio Clouds FM na rapa, kabla ya kugeukia uimbaji. Ikaja albamu ya Machozi. Mwaka 2001 alitajwa mwimbaji bora wa kike wa R&B nchini, na Novemba 2002 akachukua tuzo ya albamu bora ya R&B. Binti ilifuata mwaka 2003, Moto mwaka 2005 na Shukrani mwaka 2007.

Kinachomtofautisha ni kutokukaa mahali pamoja. Ameimba R&B ya kulia na zouk ya kuchezeka taratibu. Amewaimbia viitikio marapa wakubwa, Professor Jay na Mwana FA wakiwamo, na mara nyingine kiitikio chake ndicho kilichobaki vichwani mwa watu. Ameimba na Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe. Kisha akaunda Machozi Band na kusimama mbele ya magitaa na ngoma zinazopigwa papo hapo, wakati wenzake wengi walikuwa wakipanda jukwaani na CD mkononi.

Mwimbaji wa namna hiyo ndiye hasa anayehitaji mkusanyiko. Mfano mzuri uko Marekani, kwa Linda Ronstadt, mwanamama aliyeimba country, rock na pop bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka 1976 kampuni yake ilitoa Greatest Hits, iliyoanzia nyimbo zake za mwaka 1967, na nchini kwao pekee ikauza nakala zinazozidi milioni 7. Miaka 11 baadaye alirudi na Canciones de Mi Padre, albamu ya nyimbo za Kimexico za upande wa baba yake. Ugonjwa ulipomnyang'anya sauti, kazi yake ilikuwa imekwishahifadhiwa kwa mpangilio, na mwaka 2014 akaingizwa kwenye jumba la heshima la rock and roll. Mjukuu wa shabiki wake wa mwaka 1976 anaweza kuanzia kwenye diski moja na kumwelewa bibi huyo ni nani.

Hicho ndicho Jide alichokifanya mwaka 2012. Zile nyimbo zilizokuwa zikipangwa vibandani na watu wasiomfahamu, safari hii alizipanga mwenye mali. Mzee wa Mukendo, ambaye kwa haki angepaswa kuchukia kunyang'anywa biashara, anasema aliheshimu sana kitendo hicho.

Mwaka wa Anaconda

Mwaka uliofuata ulionyesha kwa nini jambo hilo lilikuwa la maana.

Mwezi Mei 2013, Jide alitumia blogu yake kuwashutumu hadharani viongozi wa Clouds, Ruge Mutahaba na Joseph Kusaga. Alidai kwamba nyimbo zake hazipigwi tena katika redio hiyo na kwamba wasanii wa nchi hii wanakandamizwa. Alifika mahali pa kusema kwamba hata akifa hataki viongozi hao wajihusishe na msiba wake. Upande wa Clouds ulikanusha, ukajibu hewani, na suala likafikishwa Mahakama ya Kinondoni, mwimbaji akipelekewa wito akiwa katikati ya maandalizi ya onyesho lake la miaka 13.

Haikuwa vita ya wageni. Jide alikuwa ametangaza katika redio hiyo hiyo. Aliyekuwa mumewe wakati huo, marehemu Gardner G. Habash, alikuwa mmoja wa watangazaji waliojijengea jina humo. Na haki inataka isemwe kwamba Ruge alikuwa miongoni mwa waliouinua muziki huu. Kituo cha THT alichokianzisha kiliwatoa waimbaji kama Barnaba, Linah na Mwasiti. Ndiyo maana ugomvi uliuma. Ulikuwa wa watu waliojenga nyumba moja, na kila mmoja alikuwa na tofali lake la kuonyesha.

Mashabiki waligawanyika. Jina lake la utani, Anaconda, likashika kasi, nyoka anayemeza kila anachokutana nacho, na likawa jina la kambi. Kwa wasikilizaji wa Mara, mjadala haukuwa wa umbea wa Dar es Salaam tu. Mwaka 2013 simu za intaneti zilikuwa bado za wachache huku. Mwanafunzi wa Butiama, mvuvi wa Mwigobero au mama mwenye genge Bunda alisikia wimbo mpya kwa njia ya redio, ama kwa kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Kijana huyo naye aliingiza kilichovuma redioni. Redio kubwa ikinyamaza juu ya mtu, basi mtu huyo kwa mikoani ni kama hayupo.

Mzee wa Mukendo, ambaye wakati huo alikuwa amehama kutoka kwenye kanda hadi kuchoma CD, anasimulia kwamba wiki hizo watu walimjia wakitaka nyimbo za Jide zote, za zamani na mpya. Wengine walikuwa wamesikia kwamba hazipigwi na walitaka kuwa nazo mkononi. Nakala ya mkusanyiko wa 2012 aliyokuwa nayo ilitumika kuchomea nyingine mpaka ikakwaruzika isisomeke. Anaamini bila diski hiyo, asingejua nyimbo gani zinatoka albamu gani.

Onyesho la miaka 13 lilipangwa kufanyika Mei 31 katika Nyumbani Lounge, Dar es Salaam. Siku tatu kabla, Mei 28, habari za kifo cha rapa Albert Mangwea, maarufu kama Ngwair, zikafika kutoka Afrika Kusini, na tasnia nzima ikaingia msibani. Onyesho likaahirishwa hadi Juni. Mwaka huo huo Jide akatoa albamu ya Nothing But the Truth, yenye nyimbo za Yahaya na Joto Hasira, huu wa pili akimshirikisha Professor Jay. Mwaka 2014, Yahaya ikachukua Tuzo ya Kilimanjaro ya wimbo bora wa zouk na rumba. Waliotabiri kwamba mwanamke aliyegombana na redio kubwa amekwisha, walipata jibu lao jukwaani.

Ruge alifariki Februari 2019. Habash naye alifariki Aprili 2024. Katika yote yaliyosemwa mwaka ule, somo moja limebaki: msanii asiyeshika kumbukumbu zake mwenyewe atakumbukwa kwa kadiri mwingine atakavyopenda.

Baada ya hapo Jide ametoa wimbo wa Ndi Ndi Ndi, albamu ya Woman mwaka 2017, na hiyo 20. Muziki umehamia mitandaoni, na nyimbo zake nyingi ziko humo.

Deni letu

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba kazi imekwisha. Wimbo ulioko mtandaoni uko mikononi mwa kampuni ya mbali. Ukiondolewa kesho kwa sababu ya mkataba au akaunti kufungwa, hakuna wa Musoma atakayeulizwa. Tena mtandaoni wimbo unakaa peke yake, bila maelezo ya aliyeutengeneza, mwaka, wala wapigaji.

Mkoa huu tayari umepoteza mengi. Mara Jazz, bendi ya Musoma iliyovuma miaka ya 1970 kwa mtindo wa Sensera, ilirekodiwa na Redio Tanzania, na bila mikanda ile ya Dar es Salaam tusingekuwa na ushahidi kwamba mji huu uliwahi kuwa na bendi ya kutamba nchi nzima. Mjini Musoma kwenyewe, kijana akitaka kujua walikuwa nani, atategemea wazee wanaozidi kupungua.

Na hatuwezi kusema hatujui namna ya kuhifadhi. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1999, na wageni wanatoka mbali kuja kuona vitu vya Mwalimu, mtu aliyeunda wizara ya utamaduni mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Musoma ina maktaba ya mkoa. Victoria FM iko Musoma, Mazingira FM iko Bunda, na zote zina watu wanaojua kutunza sauti.

Kinachotakiwa kinajulikana na hakihitaji bajeti ya kutisha. Rafu moja kwenye maktaba, yenye nakala halali za albamu za wasanii wa Mara na waliotokana na Mara, kuanzia Mara Jazz hadi Jide. Kompyuta moja ya kusikilizia. Maofisa utamaduni wa halmashauri wawaandikie wasanii na familia zao kuomba nakala, na redio zetu zirekodi mahojiano na wazee waliopiga, waliouza na waliocheza muziki huo wakiwa bado wana nguvu ya kusimulia. Mzee wa Mukendo amesema yuko tayari kuanza na maboksi yake.

Tanzania ina desturi mbaya ya kukusanya nyimbo za msanii wiki ya msiba wake. Zinapigwa mfululizo siku tatu, halafu kimya. Judith Wambura alitukusanyia za kwake akiwa hai, ana nguvu, na anajua anachokifanya. Amekwishatimiza sehemu yake. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze sasa kutimiza ya kwao, na zianze na hiyo diski ya mwaka 2012.