Lori Lisilo na Injini

Sparwood ni mji mdogo wa makaa ya mawe kwenye milima ya British Columbia, Kanada. Ukipita na barabara kuu nambari 3 huwezi kuukosa, maana kando ya barabara limeegeshwa lori la kijani linalofanya magari ya watalii yaonekane kama vitu vya kuchezea. Linaitwa Terex Titan 33-19. Urefu wake ni mita 20 na upana karibu mita 8. Bodi ikiinuliwa kumwaga mzigo, ncha yake inafika mita 17 juu, yaani kama ghorofa ya tano hivi. Liliundwa kubeba tani 317 kwa safari moja. Hebu fikiria lile tipa la magurudumu kumi linaloleta mchanga kwenye mjengo mtaani kwenu, kisha ulipige mara kumi na tano au zaidi.

Nililijua kupitia kazi za mtandaoni. Nilipoacha chuo nilianza kuandikia tovuti za watu, maneno 500 kwa dola chache, na siku moja mteja akataka makala kuhusu magari makubwa zaidi duniani. Nikamwandikia, akalipa, yakaisha. Ila kuna jambo moja lilinikwama kichwani, na mteja hakulihitaji: Titan halina injini. Lilipotengenezwa upya kwa ajili ya maonyesho mwanzoni mwa miaka ya 1990, injini iliondolewa. Kinachopigwa picha pale ni ganda.

Na injini yenyewe haikuwa mchezo. Ilikuwa ya treni, silinda 16, nguvu farasi 3,300, ya aina iliyovuta mabehewa ya mizigo Marekani. Haikuzungusha magurudumu moja kwa moja, kwa sababu gia za kawaida zisingestahimili uzito ule. Ilizalisha umeme, na umeme ukaendesha mota nne za kuzungusha magurudumu ya nyuma. Kwa ufupi, General Motors walichukua garimoshi, wakalitoa kwenye reli na kulipa tairi kumi, kila moja ikimzidi mtu kimo mara mbili hivi. Walilikamilisha 1973 katika kiwanda chao cha London (ile ya Ontario, si ya Uingereza), na mwaka uliofuata wakalionyesha Las Vegas kwenye mkutano wa wachimba madini.

Likaundwa moja tu. Wateja hawakujitokeza, soko likalegea, la pili halikuonekana. Lakini hilo moja lilishikilia sifa ya lori kubwa kuliko yote duniani kwa takriban miaka 25. Upweke huo ndio hadithi inayouzwa kwa watalii, na ni hadithi nzuri kweli. Ila mimi napendelea kuangalia lilipopita.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Eagle Mountain, kwenye jangwa la California, mgodi wa chuma wa kampuni ya Kaiser Steel. Kaiser walikuwa wamejenga mji mzima pale kwa ajili ya wafanyakazi, na nyumba, shule na maduka yake. 1978 lori likahamishiwa Sparwood, ambako Kaiser hao hao walikuwa wameanzisha uchimbaji wa makaa ya kuyeyushia chuma, mengi yakipelekwa Japani. Miaka michache baadaye mgodi wa Eagle Mountain ukafungwa. Mji nao ukafa. Watu walihama, nyumba zikabaki na madirisha matupu, na jangwa likaanza kurudi.

Kumbe hata huko lilikohamia, mji ulikuwa umejengwa juu ya kifo cha miji mingine. Jirani ya Sparwood palikuwa na Michel na Natal, miji ya wachimba makaa iliyoanza miaka ya kuelekea na kufuatia 1900. Familia zilitoka Italia, Poland, Uingereza na kwingineko. Vumbi jeusi lilitua kila mahali. Ukianika shuka nyeupe, unaanua ya kijivu. 1967 mlipuko ndani ya mgodi wa Balmer North uliua wanaume 15.

Katika miaka hiyo hiyo serikali iliamua kwamba miji hii iondolewe. Afya ilitajwa, ndiyo, lakini ilitajwa pia sura: barabara kuu inayoingilia mkoani kutoka Alberta ilipita katikati ya Natal, na wakubwa hawakutaka mgeni akaribishwe na masizi. Watu wakaambiwa wahamie Sparwood. Wengi walilalamika kwamba fidia ya nyumba ya zamani haitoshi kununua mpya. Mzee aliyemaliza kulipia nyumba yake zamani anaambiwa aanze deni upya! Nyumba zikabomolewa moja baada ya nyingine, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 palikuwa pamebaki machache ya kuonyesha kwamba watu waliwahi kuishi pale.

Ndiyo maana siwezi kulitazama lile lori kama mashine tu. Mji mchafu uliondolewa barabarani ili watalii wasiuone, halafu kando ya barabara hiyo hiyo ikaegeshwa mashine ya kazi hiyo hiyo chafu, imeoshwa na kupakwa rangi ya kijani, ili watalii wasimame. Wachimbaji hawakusahaulika kabisa, nisiwaonee watu wa Sparwood: kuna michoro mikubwa kwenye kuta za majengo inayowaonyesha. Lakini mchoro ukutani na tani 235 za chuma si kitu kimoja. Watu husimamisha gari kwa sababu ya chuma.

Titan lilistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1990. 1992 kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi wakati huo ikafilisika, mgodi ukachukuliwa na wengine, na makaa bado yanachimbwa huko juu hadi leo, kwa malori mengine.

Nikipata nauli siku moja, nitapiga picha na tairi kama kila mtu. Ila kwanza nitapanda bonde kilomita chache, pale Natal ilipokuwa, nione kama kuna hata ngazi ya mlango iliyosahauliwa kwenye nyasi.