Kifafa cha mimba: alama zilijulikana polepole, wamama wanakufa haraka



Kwa karne nyingi, mama mwenye mimba kubwa akianguka na kutikisika, watu walisema ni jambo la ghafla. Hata jina eklampsia linatoka kwenye neno la Kigiriki la kumulika ghafla, kama radi. Huku kwetu wengine wanasema tu: «Bamemuloga.» Lakini historia inatufundisha kwamba mbele ya radi kunakuwa mawingu.

Wingu la kwanza lilionekana ndani ya mkojo. Mwaka 1843, daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alipima mkojo wa wamama waliopata kifafa hicho akakuta albumini, ni kusema protini. La pili ni tansiyo. Mwaka 1896, Muitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mpira wa kufunga kwenye mkono, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo. Ndipo waganga wakaelewa jambo zito: tansiyo inaweza kupanda na mama anajisikia muzima kabisa.

Ndiyo maana CPN ilizaliwa. Mwaka 1929 Uingereza ilitoa ratiba ambayo mama anapimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 28, halafu kila wiki kuanzia ya 36. Tazameni vizuri: mwishoni ndiko hatari inazidi, lakini kwetu kuna wanaoenda mara moja, wanapata karatasi, basi.

Dawa pia iko. Mwaka 2002, utafiti uliofanyika na wamama zaidi ya 10,000 katika inchi 33 ulionyesha kwamba sulfati ya manyezi inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya bei kubwa.

Sasa kwa nini wanakufa? Daktari Denis Mukwege alianza kazi Lemera, Kivu ya Kusini. Aliona wamama wakifika wamechelewa, wamebebwa kutoka mbali, na hiyo ndiyo ilimsukuma kwenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Mwaka 1994, watafiti Thaddeus na Maine waliandika juu ya kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, kuchelewa kupata matunzo mama akisha kufika. Barabara na hospitali zinaomba serikali. Lakini kule kuamua ni kwetu: bwana, mama mkwe, dada, wewe unayesoma hapa.

Basi tujue alama za miezi ya mwisho: kichwa kinachouma sana na hakitulii, macho kuona giza au nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu, damu, hata kama haiumi, maji kutoka mbele ya uchungu, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Moja tu inatosha kwenda kituo cha afya siku ile ile, hata usiku. Akisha kutikisika, mumulaze kwa ubavu, musimutie kitu mukinywani, mutafute motari au gari mara moja.

Ilichukua zaidi ya miaka 150 kutoka mkojo wa Lever mpaka utafiti ule wa dawa. Tusiipoteze kwa neno moja la nyumbani: «Ni uchovu tu, tungoje kesho.»