Basi ya umeme ya Léopoldville, 1955–1959

Bandugu na badada wasomi, kila mara tukianza kuzungumza juu ya pikipiki za umeme, mutu mumoja anasema: "Hii teknolojia ni ya sasa, Congo haijaona vitu kama hivi." Hapana! Congo iliviona mbele ya wazazi wetu wengi kuzaliwa.

Mwaka 1955, mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ulianza kutumia mabasi 12 yaliyoitwa gyrobus, kazi ya kiwanda cha Oerlikon cha Uswisi. Hayakuwa na betri, wala nyaya za juu njia yote. Chini ya sakafu kulikuwa gurudumu la chuma la tani moja na nusu hivi, linalozunguka hadi mara 3,000 kwa dakika. Basi ikifika kituoni, inainua mikono mitatu juu ya paa, inagusa nguzo, inavuta kuran dakika chache, na mota inazungusha lile gurudumu. Njiani, mwendo wa gurudumu njo unazalisha umeme wa kusukuma basi. Mimi ni mutu wa kilimo, si fundi, lakini nakubali: walikuwa na akili.

Sasa angalieni mpango. Wakoloni waligawa mji: Wazungu kwa "ville", Weusi kwa "cité", katikati nafasi iliyoachwa makusudi. Kwa hiyo wafanyakazi wengi walikuwa na safari ndefu kila asubuhi. Gyrobus zilipewa mistari mine, jumla kilometa 20 hivi, na nguzo za kuchajia karibu kila kilometa 2. Kila basi iliweza kubeba watu 90, na yenyewe ilikuwa na tani karibu 11. Mbele ya hapo, mwaka 1953, gyrobus zilianza kazi Yverdon, mji mudogo wa Uswisi, kwenye mstari wa kilometa 4.5 tu.

Léopoldville haikuwa Yverdon. Mashofere walikata njia kupitia barabara zisizo na lami, ambazo mvua ikinyesha zinageuka matope. Beringi za gurudumu zikavunjika. Unyevu ukachosha mota. Na umeme: kilowati-saa 3.4 kwa kilometa moja, zaidi ya mara mbili ya basi nyingi za umeme za leo. Mwaka 1959 wakaziacha, wakachagua mabasi ya mazuti.

Wengine wanalaumu mashofere. Mimi hapana. Shambani, ukikuta batu wamepasua njia katikati ya mihogo, usiwatukane kwanza. Angalia kisima kiko wapi. Nguzo ziliwekwa pale mstari ulipochorwa kwenye karatasi. Shofere yeye alikuwa anasoma mji wenyewe.

Njo maana nawaletea habari hii leo. Kigali, hapo ng'ambo, pikipiki za umeme zinabeba abiria tangu 2019, na motari anabadilisha betri kwenye kituo. Kituo hicho ni nguzo ya 1955 kwa sura ingine. Kama kesho tutachora vituo vya Bukavu, tutaviweka wapi? Mvua ikinyesha, motari anapita wapi kutoka Kadutu mpaka Panzi? Kuran ikikatika, anasukuma pikipiki mpaka wapi? Nyinyi wa ujenzi na wa jiografia, mbele ya kufungua kompyuta, shukeni kwenye parking ya motari na kalamu. Wao tayari wanajua majibu.