Bastola ya Kujihami na Uteuzi Wake

Bastola ya kujihami ni silaha fupi ya kiganjani ambayo raia asiye askari huichukua mwilini mwake, aghalabu chini ya nguo pasipoonekana na wapita njia, kwa kusudi la kuiokoa nafsi yake au ya mtu wa aila yake pindi atakaposhambuliwa ghafula, naye asiwe na njia ya kukimbia wala msaada wa kuungojea. Desturi hii ipo katika nchi kadha wa kadha, walakini hakuna taifa lililoifanya kuwa jambo la watu wengi, lenye sheria zake, viwanda vyake, walimu wake na mabishano yake yasiyokwisha, kama Marekani. Na kwa sababu hiyo makala haya yanaizungumzia ilivyo huko.

Wamarekani wenyewe hawakuwa na rai moja tangu zamani. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalipitisha sheria za kukataza silaha zilizofichwa nguoni, kwani wengi wa zama zile walimwona mwungwana kuwa ndiye achukuaye silaha yake wazi, na aifichaye kuwa mwenye nia mbaya. Katikati ya karne ile Henry Deringer wa Philadelphia aliunda vibastola vya risasi moja, vilivyoshindiliwa kwa mdomo na kuwashwa kwa fataki, vikaingia katika mfuko wa koti bila ya kuonekana. Na ni kwa kibastola cha kazi yake hiyo John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln usiku wa tarehe 14 Aprili 1865.

Sheria ya leo imegeuka kinyume. Vermont haikupata kamwe kumdai raia wake kibali cha kuchukua bastola, lakini majimbo mengi mengine yalimwachia hakimu au mkuu wa polisi hiari ya kutoa au kunyima, mpaka Florida ilipotunga mwaka 1987 sheria ya kumlazimu mtoaji ampe kibali kila mwombaji aliyetimiza masharti, na majimbo mengine yakafuata moja moja. Illinois, iliyokuwa ya mwisho kukataza kabisa, ilikubali mwaka 2013. Na mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoihusu New York, ilitamka kwamba haki ya kuchukua silaha iliyotajwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, haikomei mlangoni pa nyumba, wala raia hawezi kutakiwa athibitishe kwanza kwamba ana haja isiyo ya watu wote. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 sasa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima ambaye sheria haikumzuia kumiliki silaha. Hata hivyo mtu asidhani ya kuwa ameachiwa njia zote: kibali cha jimbo moja huenda kisikubaliwe katika jimbo la jirani, na lililo halali hapa laweza kumtia gerezani ng'ambo ya mpaka, mahakama na majengo ya serikali ya shirikisho ni marufuku, na muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumwuzia bastola mtu asiyetimiza miaka 21. Wasomaji wenye jamaa zao huko na wawaonye hasa juu ya hili: mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mtalii, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa, kama vile aliye na leseni halali ya uwindaji; mwenye ukaazi wa kudumu ndiye asiyefungwa na katazo hilo.

Ama uteuzi wenyewe, ugumu wake wote watokana na jambo moja, nalo ni kwamba sifa zinazoifanya bastola iwe rahisi kuchukuliwa ndizo hizo hizo zinazoifanya iwe ngumu kupigiwa shabaha. Bastola ndogo, ambayo mpini wake hauenei vidole vyote, nyepesi hata mwenyewe akaisahau kiunoni, hupiga teke kali kiganjani na kuruka juu kwa kila risasi, na kwa kuwa alama zake za kulengea zimekaribiana, kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Ilhali bastola kubwa ya askari, ambayo uzito wake hulipunguza teke na mpini wake huujaza mkono, hupigwa vyema hata na mwanafunzi, lakini hutokeza chini ya shati, humwumiza mtu ubavuni aketipo garini, na baada ya majuma machache huachwa nyumbani. Na iliyoachwa nyumbani haimwokoi aliye njiani. Kwa hiyo rai ya walimu wengi, nayo ndiyo rai yetu, ni kwamba mtu achukue bastola iliyo kubwa kadiri awezavyo kuificha kwa nguo zake za kila siku, wala asikimbilie iliyo ndogo kupita zote kwa kuwa tu yapendeza dukani.

Baada ya ukubwa, mkono. Bastola ishikwapo sawasawa, mtutu ukiwa katika mstari mmoja na mfupa wa mkono, kidole cha shahada sharti kifike kwenye kifyatulio bila ya kiganja kuzungushwa, wala kisipite mno hata kikakivuta kwa upande. Na mwenye mikono isiyo na nguvu, kwa uzee au kwa maradhi ya viungo, aijaribu mwenyewe, kwa maana katika bastola za kujipakia sehemu ya juu huvutwa nyuma kwa nguvu ili risasi iingie chemba, na wako wasioweza. Mume asimnunulie mke wake bastola kwa kuutazama mkono wa mume.

Namna zilizo mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni rivolva, ambayo risasi zake hukaa katika gurudumu lizungukalo. Kampuni ya Colt ilitoa mwaka 1927 rivolva fupi ya risasi sita iliyoitwa Detective Special, nayo Smith & Wesson ikaleta mwaka 1950 iliyo ndogo zaidi, Chiefs Special, ya risasi tano, mtutu wake ukiwa na urefu wa kama sentimita 5; na miaka miwili baadaye ikatoa nyingine ambayo nyundo yake imefichwa ndani kabisa, isije ikanasa katika nguo wakati wa kutolewa mfukoni. Fadhila za rivolva ni kubwa: yaweza kulala miezi imejazwa bila ya spring kuchoka, haina magazini ya kuharibika, na risasi moja isipowaka mtu avuta tena kifyatulio ikaja nyingine. Kwa ajili hiyo wauzaji wengi humpa mtu anayeanza, hasa mwanamke, na hapa twadhani wanakosea, maana kifyatulio chake hutaka mvuto mrefu na mzito, alama zake za kulengea ni mfereji mwembamba tu juu ya chuma, na teke lake katika zile zilizoundwa kwa aluminiamu huwachukiza watu na mazoezi. Ni silaha ya mstadi aliyekwisha kujifunza kwa nyingine.

Namna ya pili ni bastola ya kujipakia, ambayo nguvu ya risasi moja huleta nyingine kutoka katika magazini iliyo ndani ya mpini. Fundi wake mkuu alikuwa John Moses Browning, Mmarekani wa Utah, ambaye bastola zake za mfukoni ziliundwa na Colt kwao na kiwanda cha FN huko Ubelgiji tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Walther wa Ujerumani alitoa PP mwaka 1929; na mwaka 1982 Gaston Glock wa Austria akaleta bastola yenye mwili wa plastiki ngumu, isiyo na kufuli ya nje ya kubonyezwa kwa kidole, ambayo kinga zake hufunguka zenyewe kifyatulio kivutwapo. Glock 19 ya mwaka 1988, yenye magazini ya risasi 15, ndiyo iliyokuwa kipimo cha ukubwa wa wastani kwa muda mrefu. Kisha SIG Sauer ikatoa mwaka 2018 P365, ambayo ni ndogo karibu sawa na bastola za kujipakia za risasi sita, nayo yachukua kumi katika magazini yake, na tangu hapo viwanda vingine vimeiga. Aibu ya namna hii ni kukwama: mkono uliolegea, uchafu au risasi mbovu huizuia, na mwenyewe hana budi kujifunza kuikwamua bila ya kufikiri.

Juu ya kaliba, yaani upana wa risasi, watu wamegombana kuliko inavyostahiki. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, wapelelezi wa FBI walipigana na wanyang'anyi wawili. Wapelelezi wawili wakafa na wengine watano wakajeruhiwa, na ilionekana baadaye kwamba risasi moja ya milimita 9 ilipita katika mkono wa mmoja wa wanyang'anyi ikaingia kifuani na kukoma kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kuua. Kutokana na msiba huo shirika lile liliweka kipimo kwamba risasi, ikijaribiwa katika gelatini, izame si pungufu ya inchi 12, yaani kama sentimita 30, wala isipite mno inchi 18. Likahamia kaliba kubwa zaidi, na mwaka 2014 wakufunzi wake wakatoa rai ya kurejea milimita 9, kwa kuwa risasi zilikuwa zimeboreshwa na watu hupiga vyema zaidi kwa teke dogo. Hoja hiyo yatosha. Ichaguliwe risasi yenye tundu nchani, ambayo hupanuka mwilini, isitoke upande wa pili ikampata asiye na kosa.

Ala ya bastola haipaswi kuonekana jambo dogo. Nayo iwe ngumu, ikifunike kifyatulio chote, isilegee bastola ikitolewa, na ishikwe na mkanda imara. Bastola iliyotupwa tupu katika mkoba pamoja na funguo ni hatari kwa mwenyewe kuliko kwa adui. Dennis Tueller, askari wa polisi wa Salt Lake City, alionyesha mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu hukata masafa ya yadi saba kwa muda wa kama sekunde moja na nusu, na katika muda huo askari aliyefunzwa huwahi kwa shida kuitoa silaha na kupiga. Asiyefanya mazoezi hatawahi. Heri fedha alizotaka kununulia bastola ya pili azinunulie risasi za mazoezi na mafundisho ya mwalimu, pamoja na ya mwanasheria atakayemweleza ni lini sheria yamruhusu kupiga na ni lini yamwita mwuaji.

Mwisho lipo jambo ambalo matangazo ya viwanda hayalitaji. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki na bastola katika Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe, na watoto hufa kila mwaka kwa silaha walizozikuta chini ya mto au katika saraka ya kitanda. Kwa hiyo yeyote mwenye mtoto nyumbani, au mwenye jamaa aliyelemewa na huzuni, tunamsihi anunue kwanza sanduku la chuma lenye kufuli, na bastola ifuate. Na ikiwa huzuni hiyo ni yake mwenyewe, asiinunue.