Mapigo na Kazi: Khabari za Prosesa

Mwaka 1969 kampuni ya Busicom ya Japani, iliyokuwa ikiunda mashine za hesabu, iliwaendea mafundi wa Intel huko California ikitaka itengenezewe vipande kadhaa vya silikoni, kila kimoja na kazi yake makhsusi. Lakini Ted Hoff, mmoja wa mafundi hao, baada ya kutafakari, alishauri kiundwe kimoja chenye kutii amri yoyote kitakayopewa, na rai hiyo ndiyo waliyoitia umboni Federico Faggin wa Intel na Masatoshi Shima wa Busicom, hata Novemba 1971 ikatangazwa kuuzwa prosesa 4004, yenye transista 2,300.

Baadaye wanunuzi wakazoea kuipima prosesa kwa wingi wa mapigo yake kwa sekunde, na watengenezaji wakashindana kwayo. Machi 2000 kampuni ya AMD, mshindani wa Intel, ikatangulia kufika gigahezi 1, yaani mapigo bilioni moja, na Intel ikafuata baada ya siku mbili. Kipimo hicho, nasema bila ya kusita, kiliwahadaa wengi, kwani prosesa ya Intel, Pentium 4, iliyotoka mwishoni mwa mwaka ule ule, ijapokuwa ilipiga upesi zaidi, katika kazi kadha wa kadha ilipitwa na Pentium III iliyoitangulia, kwa sababu kila pigo lake lilitimiza kazi haba. Kisha joto liletwalo na mapigo ya upesi likawa kizuizi: mwaka 2004 Intel iliacha azma ya kuifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 4, na mwaka uliofuata zikaingia majumbani prosesa zenye viini viwili, yaani sehemu mbili zinazotenda kazi kwa pamoja.

Basi, msomaji, uingiapo dukani usiulize mapigo peke yake. Uliza na viini, na uijaribu kwa kazi yako mwenyewe kabla ya kutoa fedha.