Soumialot, karani wa Maniema aliyegeuka mkuu wa Simba

Wazee wa Kasongo na Kabambare wakisema « wakati wa Mulele », wanataka kusema vita vya 1964. Lakini Pierre Mulele mwenyewe alipigana mbali, kule Kwilu. Aliyewasha moto upande wetu wa mashariki ni mtoto wa Maniema, Gaston Soumialot, na vijana wengi leo hata jina lake hawalijui.

Alizaliwa 1922, huko Malela. Hakuwa askari, alikuwa karani wakati wa Wabelgiji. Miaka ile makarani walikuwa kati ya watu wa kwanza kudai mshahara na heshima. Walikuwa na sendika yao, APIC, iliyoanza 1946, na Lumumba mwenyewe aliongoza tawi lake la Stanleyville (leo Kisangani) mbele ya kuunda MNC. Soumialot alimfuata katika chama hicho, na 1961 akawa waziri wa sheria wa jimbo la Kivu. Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu.

Mwaka ule ule Lumumba aliuawa. Mwanzoni mwa 1964, wenzake waliokimbilia Brazzaville walimtuma Soumialot Bujumbura. Kutoka pale vita vilishika Uvira na bonde la Ruzizi. Mwezi wa saba Nicolas Olenga, mkuu wa jeshi lao, aliingia Kindu, na tarehe 5 mwezi wa nane Stanleyville ikaanguka. Vijana walinyunyiziwa dawa, wakaenda wakipiga kelele « Mai Mulele! », wakiamini risasi itageuka maji. Askari wengi wa serikali walitupa bunduki na kukimbia.

Sasa hapa ndipo pananisumbua. Kindu na Stanleyville, Simba waliua makarani, walimu, watu wa siasa. Wengine waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba. Kijana aliyengoja matunda ya uhuru tangu 1960 aliona karani wa ofisi amekalia kiti cha Mbelgiji, basi akamhesabu kuwa adui. Na mkubwa wa vijana hao alikuwa karani! Mwezi wa tisa Soumialot alikuwa waziri wa ulinzi wa serikali yao. Mimi siwezi kusema damu ile haimhusu.

Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliingia Stanleyville. Simba waliobaki walishika misitu ya Fizi na Kabambare. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma 1965, akakaa nao miezi saba. Soumialot alikuwa nje, Kairo, na mwaka ule alipokelewa Kuba na Fidel Castro. Che, kutoka porini, alimwandikia Castro asidanganywe na maneno matamu ya wakubwa hao.

Wakaaji wa Kabambare hawakuwa na Kairo ya kukimbilia. Mzee wako akiwa anakumbuka namna walivyoishi porini miaka ile, umulete kwenye redio, tumurekodi angali hai.