Kikuza amri na mota tiifu

Karagita, kama kwingineko Naivasha, ukitaja amplifaya watu watafikiria muziki: spika za kanisani, za matanga, za matatu. Fundi anayefufua mashine kuukuu ya CNC ya milingi akiambiwa atafute "amplifaya ya servo", neno lenyewe humsukuma aulize ina wati ngapi, na hilo si swali la kwanza. Kifaa hiki hupokea amri dhaifu kutoka kwa kompyuta ya mashine, mara nyingi volti kati ya -10 na +10, kikaigeuza kuwa mkondo mkubwa wa kuzungusha mota, kisha kikakagua kama mota imetii. Katika mashine nyingi za miaka ya 1970 na 1980, ukaguzi huo hutegemea jenereta ndogo iliyofungwa nyuma ya mota, ambayo volti yake hupanda kadiri kasi inavyopanda. Kinachokuzwa hapa ni amri, wala si sauti. Ndiyo sababu napendekeza kiitwe kikuza amri, na mota yake iitwe mota tiifu.

Wazo la utii limo katika istilahi ya servo tangu asili. Mfaransa Joseph Farcot, aliyeandika kitabu kuhusu "servo-moteur" mwaka 1873, alitaka nguvu ya mvuke igeuze usukani wa meli ikifuata mkono wa nahodha hatua kwa hatua. Mzizi wa Kilatini wa neno servo una maana ya mtumwa. Kiswahili hakina haja ya kuurithi utumwa huo, utii unatosha. Tena mfano uko karibu. Barabara ya Moi South Lake inayopita Karagita huelekea Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa mvukejoto, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Katika mitambo ya namna hiyo vali za mvuke hufunguka na kujibana kwa kufuata amri ya kidhibiti kasi, ili umeme ubaki kwenye hezi 50.

Nitaambiwa mafundi wana neno lao tayari: draivu. Ni kweli, na libaki. Lakini draivu ni pia inveta ya pampu ya maji, ambayo kwa kawaida huzungusha mota bila kupata taarifa yoyote kutoka kwenye shafti. Anayenunua kwa jina hilo pekee anaweza kurudi na kifaa kisichojua kama mota imetii. Kikuza amri humlazimisha aulize: amri ni volti au mapigo? Mrejesho unatoka wapi? Mota ni ya DC yenye brashi au ya AC isiyo nazo? Ampea huja baadaye, nazo ni za aina mbili: za kazi ya mfululizo na za kilele, pale meza inapoondoka kwa kasi. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 415, ilhali mashine nyingi za Japani hutaka 200, kwa hiyo transfoma haikwepeki. Na mota inapopunguza mwendo huwa jenereta. Umeme unaorudi usipopata rezista ya breki, volti hupanda hadi kikuza amri kijizime, kazi ikiwa katikati.

Wapo wanaoona ni heri kung'oa kila kitu na kufunga seti mpya. Gharama hiyo mara nyingi si ya lazima. Kikuza amri cha zamani kikiwa kizima, kompyuta mpya yenye programu ya LinuxCNC na kadi ya kutoa volti -10 hadi +10 itakiamrisha vilevile. Kikiwa kimekufa na vipuri havipatikani, pima kwanza insulesheni ya mota na utazame brashi zake; zikiwa nzuri, kinachotafutwa ni kikuza amri kinacholingana na volti na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota hiyo.